Je, Wajua? Maji Meupe Pe Yanaweza Kuua Fulu

Je, wajua kuwa tangi jipya la kioo, maji yake meupe pe, linaweza kuua samaki ndani ya siku chache? Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Katika Ziwa Victoria, bakteria wa kuishughulikia wamejaa kwenye mchanga, mawe na mizizi ya mafunjo kwenye kinamasi cha Dunga. Tangini bado hawajajenga makao. Kundi moja la bakteria hao hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili. Kwa kawaida bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga tangini. Haraka ya nini?

Tena, klorini ya maji ya bomba huua bakteria hao. Kwa hiyo sponji ya chujio, wanamoishi, isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini humohumo.

Mimea nayo hula amonia na nitrati. Ndiyo maana gugumaji limenawiri hivyo katika Ghuba ya Winam: hulishwa na maji taka ya miji na mbolea inayosombwa na mito. Kwa tangi, mmea unaoota chini ya maji unafaa zaidi. Gugumaji hufunika uso na kuziba mwanga.

Na fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria? Aina nyingi zilitoweka ziwani baada ya mbuta (sangara) kuletwa miaka ya 1950. Baadhi ya zile adimu hufugwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani.