Kapu na Kidumu: Chombo Kipimwe Kwanza

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara Juni 1, 2019, mnunuzi wa rejareja aendaye sokoni bila kapu mara nyingi hulipia mfuko mbadala. Kapu la ukili hutumika tena na tena, na kidumu cha mafuta huoshwa, kikakaushwa, kikarudi dukani.

Mafuta hupimwa kwa ujazo, hivyo uzito wa kidumu hauna madhara. Sukari, mchele na maharage ndiyo ya kuangalia. Chombo cha gramu 200 kikiwekwa mizanini pamoja na sukari, aliyelipia kilo moja huondoka na gramu 800. Kipimwe kitupu kwanza, mnunuzi akiona. Wauzaji waungwana hawasubiri kuombwa; wengine hununa. Anayekataa, mwachie sukari yake.