Katibu, Umeandika "Bar", "Bunch" au "Bale"?

Vikundi vingi huandika kwa Kiingereza: barua ya kuomba msaada, oda ya kupeleka dukani, bei ya kumpa mnunuzi. Hapo ndipo makatibu hukwama. Katika Kiingereza, kama kwetu, kila kitu kina kipimo chake, na ukikosea, pesa zinazopotea ni za kikundi chote.

Tuanze na sabuni. Ukiandika "ten soaps", mwenye duka atauliza: miche kumi au vipande kumi? Mche mzima wa sabuni ya kufua ni "bar", kilichokatwa ni "piece". Andika "10 bars of washing soap, 1 kg each" na ubishi umeisha. Mkate ni vivyo hivyo. Hatusemi "two breads", tunasema "two loaves of bread", na silesi ni "slice". Karatasi hununuliwa kwa "ream", yaani karatasi 500. Mayai ni "tray", yaani 30.

Neno "pair" ni gumu kidogo. "Five pairs of shoes" ni viatu kumi, sawa. Lakini "five pairs of scissors" ni mikasi mitano tu! Waingereza huuona mkasi kama visu viwili vilivyounganishwa, basi mmoja wanauita "pair". Suruali pia ni hivyo. Kikundi cha ushonaji kikitaka mikasi kumi, katibu aandike "ten pairs".

Sasa ndizi, maana hapa wakulima wengi huumia. Mkungu mzima ni "bunch", kichane ni "hand", na ndizi moja ni "finger", kama kidole. Ndivyo wataalamu wa kilimo wanavyosema. Lakini muuzaji wa dukani mjini akisema "bunch", huenda anafikiria kichane kimoja, au hata ndizi tano sita. Mkipatana bei ya "bunch" na kila mtu ana picha yake kichwani, siku ya lori kufika kutakuwa na kelele. Njia nzuri ni kupatana kwa kilo: "price per kg". Kama mnunuzi anataka mkungu tu, andikeni "whole bunch" na uzito wake wa chini kabisa.

"Bale" nayo haina uzito mmoja. Ya unga ni pakiti 12 za kilo mbili, jumla kilo 24. Ya mitumba mara nyingi ni kama kilo 45. Ya nyasi? Inategemea aliyeifunga.

"Bag" ni hivyo hivyo. Gunia la mahindi tumezoea kulihesabu kilo 90, la simenti ni kilo 50. Viazi, kanuni za mwaka 2019 haziruhusu gunia lizidi kilo 50, ingawa madalali wanapenda yale ya kuongezewa juu. Ukiandika "bag" peke yake umemfungulia dalali mlango. Andika "50 kg bag", kisha mpime mbele yake.

Na mabati ni "iron sheets". Mkiagiza, taja urefu na geji: "20 iron sheets, 3 metres, gauge 30". Usipotaja geji unaweza kuletewa 32, na hiyo ni nyembamba kuliko 30, ingawa namba yake ni kubwa.