Isukuti Inaeza Maliza Kitambi? Cheki Hii Kabla Ununue Chai ya Kukonda

Kama umekulia pande za Bukura, unajua isukuti ikianza kwa harusi hakuna msee hubaki kwa kiti. Ni densi ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Ngoma ni tatu: kubwa ya baba, ya kati ya mama na ndogo ya mtoto. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka kwa orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka.

Sasa, wasee wanamwaga doo kwa chai ya kukonda na mikanda ya tumbo, na zoezi la bure liko hapo kwa jirani. Lakini inafanya kazi aje?

Hesabu iko hivi. Msee wa kilo 70 akidensi kwa nguvu nusu saa, anachoma kama kalori 200. Soda ya nusu lita ina karibu hizo hizo. Ukimaliza kudensi ushushe na soda, mmetoka sare. Kwa hivyo punguza sukari na mafuta ya kukaanga, densi ifanye ile ingine.

Pia usidanganywe ati kutingisha kiuno kunachoma mafuta ya kiuno. Mwili ndio huamua itoe wapi kwanza, na tumbo inaeza kuwa ya mwisho.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi ya kawaida dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hiyo ni kama nusu saa, siku tano. Kipimo ni rahisi: ukiweza kupiga stori lakini kuimba inakushinda, uko sawa. Ongeza siku mbili za kujenga misuli, kama pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, ama kubeba mtungi wa lita 20.

Misuli ndio hufanya mizani ichanganye watu. Unaeza punguza mafuta na ujenge misuli, kilo zibaki pale pale. Usikate tamaa. Pima kiuno na tepu ya fundi wa nguo kila wiki mbili, asubuhi kabla ya chai, na ucheki kama suruali imelegea.

Kama una presha, shida ya moyo ama goti linauma, ongea na daktari kwanza. Anza na dakika kumi, uongeze mdogo mdogo.