Printa Isiyohitaji Draiva

Mtu anayetumia Linux nyumbani, iwe Ubuntu, Debian au Mint, akienda kununua printa huwa na swali moja mdomoni: je, hii ina draiva ya Linux? Miaka 20 iliyopita swali hilo lilikuwa sahihi. Leo linampeleka pabaya, kwa sababu anaweza kujibiwa "ndiyo", akanunua, mashine ikafanya kazi mwaka huu na kugoma mfumo wake utakaposasishwa. Printa inayoufaa mfumo huria ni ile isiyohitaji draiva kabisa, inayopokea kazi kwa lugha ya wazi ambayo kanuni zake zimechapishwa ili kampuni yoyote na mtu yeyote azitumie. Kutajwa kwa Linux kwenye boksi ni jambo dogo. Printa nyingi zinazofanya kazi vizuri na Linux hazina neno hilo popote.

Tuanze na kazi ya draiva yenyewe. Ukurasa ulio kwenye skrini ni herufi, mistari na picha, lakini printa inachoweza ni kuweka vitone vya wino au vumbi la tona mahali fulani kwenye karatasi. Lazima kitu fulani kiugeuze ukurasa kuwa vitone. Mwaka 1984 Adobe ilitoa PostScript, lugha ya kuuelezea ukurasa, na mwaka uliofuata Apple ikauza LaserWriter, printa iliyobeba kompyuta yake ndani kwa ajili ya kuisoma lugha hiyo. Mashine za namna hiyo zilikuwa ghali. Katika miaka ya 1990 watengenezaji waliotaka kushusha bei waliiondoa kompyuta hiyo na kuisukumia kazi yote kompyuta ya mnunuzi: Windows iligeuza ukurasa kuwa vitone, draiva ikavipanga kwa utaratibu alioujua mtengenezaji peke yake, printa ikavimwaga kwenye karatasi. Bei ilishuka kweli, na familia nyingi zikapata printa kwa mara ya kwanza. Lakini utaratibu ule ulikuwa siri, na asiyekuwa na Windows alibaki na sanduku la plastiki mezani. Si ajabu kwamba harakati za programu huria zenyewe zina kisa cha printa katika chimbuko lake. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman wa maabara ya akili bandia ya MIT alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox ili iwajulishe watu karatasi zinapokwama. Akanyimwa msimbo wa programu hiyo. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, ambao programu zake ni sehemu ya karibu kila Linux inayotumika kwenye kompyuta za nyumbani.

Baadaye kampuni kadhaa zilianza kutoa draiva za Linux, na hapo ndipo wengi walipodhani tatizo limekwisha. Draiva nyingi kati ya hizo hutolewa zikiwa zimeshakusanywa kuwa programu tayari, bila msimbo wake, kwa ajili ya prosesa za Intel na AMD. Brother, kwa mfano, imekuwa ikitoa draiva za Linux kwa miaka mingi, lakini nyingi zilijengwa kwa prosesa za biti 32 za aina ya Intel. Mwenye Raspberry Pi, inayotumia prosesa ya ARM, anaishia kutazama faili asiloweza kuliendesha. Programu ya HPLIP ya HP ni huria kwa sehemu kubwa, ila baadhi ya printa zake za leza hudai kipande kilichofungwa ambacho toleo lake lazima lilingane na la HPLIP. Mfumo ukisasishwa, kipande hicho nacho hutafutwa upya. Kisha kuna uhai wa kampuni yenyewe. Samsung ilikuwa na draiva ya Linux kwa printa zake nyingi za leza, lakini mwaka 2017 biashara yake yote ya printa iliingia mikononi mwa HP. Printa iliyotunzwa vizuri huishi miaka 10 na zaidi, na draiva iliyofungwa huishi kadiri mwenye nayo anavyoona faida kuitunza.

Njia nyingine ilianza kujengwa kitambo. Mwaka 1999 yalichapishwa maelezo ya kwanza ya IPP, itifaki ya uchapishaji kupitia mtandao, na mwaka huohuo Michael Sweet akatoa CUPS, programu huria ya kuendesha foleni za uchapishaji iliyoifanya IPP kuwa uti wa mgongo wake. Apple iliiingiza CUPS kwenye kompyuta za Mac na mwaka 2007 ikainunua; siku hizi toleo linalotumiwa na Linux linaendelezwa chini ya OpenPrinting. Ubunifu mkubwa wa njia hii ni kubadilisha mahali maarifa yanapokaa. Katika zama za draiva, kompyuta ndiyo iliyotakiwa kujua habari za kila printa duniani: ina trei ngapi, inachapa upande mmoja au miwili, inataka vitone vipangwe vipi. Siku hizi printa hujieleza yenyewe. Kompyuta huuliza kwenye mtandao wa nyumbani kama kuna printa, na iliyopo hujibu kwa jina na anwani. Kompyuta huuliza tena, mara nyingi kupitia poti namba 631, ni mambo gani inayaweza, nayo hutaja: karatasi ya A4, rangi, pande mbili, vitone 600 kwa inchi, PDF au picha ya vitone ya muundo fulani. Baada ya hapo kompyuta huuandaa ukurasa kwa muundo mmojawapo kati ya iliyotajwa na kuutuma. Mhaya na Mmakonde hukutana Kariakoo wakauziana kwa Kiswahili bila yeyote kuijua lugha ya nyumbani kwa mwenzake. Ndivyo kompyuta na printa zinavyokutana kwenye IPP. Mazungumzo yote hayo hubaki kati ya kompyuta, ruta na printa, kwa hiyo hayali bando hata kidogo.

Kilicholeta njia hii madukani ni simu. Mtu hawezi kutarajiwa kujaza simu yake draiva za kila printa atakayokutana nayo, na Apple ililitambua hilo ilipotoa AirPrint mwaka 2010, iliyojengwa juu ya IPP. Mwaka 2013 Canon, HP, Samsung na Xerox zikaunda ushirika wa Mopria ili simu za Android nazo zichape bila draiva, na mwaka huohuo kundi la viwango vya printa, PWG, likatoa kanuni za IPP Everywhere. Kwa kuwa hakuna mtengenezaji anayetaka kuwapoteza wenye simu, printa nyingi mpya za nyumbani zenye Wi-Fi zinaijua lugha hii, na mtumiaji wa Linux amenufaika na shinikizo ambalo peke yake asingeweza kulileta. Hata Microsoft imeelekea huko: Septemba 2023 ilitangaza kuwa itasitisha hatua kwa hatua kuhudumia draiva za printa za kampuni nyingine katika Windows. CUPS nayo, katika mpango wa toleo lake la 3, inaziacha draiva za mtindo wa zamani.

Yapo mapingamizi, na mengine ni ya haki. La kwanza ni la usalama: Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alionyesha kwamba cups-browsed, programu ndogo inayoambatana na CUPS, ilikubali matangazo ya printa kutoka kwa yeyote, na mshambuliaji aliweza kupandikiza printa bandia na kuendesha amri kwenye kompyuta ya mtu pindi akichapa. Kosa hilo lilikuwa zito. Lakini hatua ya mwisho ya shambulio, ile iliyoendesha amri, ilipita kwenye faili la maelezo ya printa na kichujio vilivyobaki kutoka zama za draiva. Windows nayo ilipata msukosuko wake mwaka 2021 kwa udhaifu uliopewa jina la PrintNightmare, ambao njia yake mojawapo ilikuwa usanikishaji wa draiva. Draiva ni programu ya mtu mwingine inayopewa mamlaka makubwa ndani ya kompyuta yako, na kuipunguza ni kupunguza hatari. Mtu afanye masasisho na asiiache poti ya printa wazi kwa intaneti.

Pingamizi la pili ni ubora. Mpiga picha anayetaka kudhibiti kila tone la wino hataridhika na njia isiyo na draiva, na kwake Gutenprint, draiva huria yenye mipangilio mingi, bado ina nafasi. Kwa barua, kazi za shule na ankara, sioni anachokosa mtu. La tatu linahusu printa za waya wa USB tu, ambazo mara nyingi ndizo za bei ya chini. Baadhi yake zinaijua IPP kupitia waya huohuo, na programu ya ipp-usb huziwezesha kuonekana kama zipo mtandaoni. Zisizoijua zitafutiwe draiva ambayo msimbo wake uko wazi, kama ile ya ESC/P-R ya Epson, ambayo imo katika hazina ya Debian. Draiva ya namna hiyo hujengwa upya kwa prosesa yoyote, hata ARM.

Lugha ya wazi haitoshi peke yake. HP+, mpango ulioanza mwaka 2020, huifunga printa kwenye akaunti, muunganisho wa intaneti wa kudumu na katriji za HP pekee, ingawa mashine yenyewe inaweza kupokea kazi kwa AirPrint. Kwa nyumba ambayo intaneti ni bando la kununua kwa siku, masharti hayo ni mzigo. Soma boksi kabla ya kulipa. Kwa anayechapa mara chache, printa ya leza ya rangi nyeusi inafaa zaidi ya ya wino, kwani tona haikauki. Kama unahitaji skana, tafuta yenye itifaki ya eSCL, inayofanya kwa skana kile IPP inachofanya kwa uchapishaji.

Dukani, omba printa iunganishwe na Wi-Fi, kisha jaribu kuchapa ukurasa mmoja kutoka kwenye simu ambayo haijawekewa programu yoyote ya mtengenezaji. Simu ikiiona printa na ukurasa ukatoka, uwezekano ni mkubwa sana kwamba Linux yako nayo itachapa siku hiyohiyo. Muuzaji akikuambia upakue kwanza programu ya kampuni, iache printa hiyo hapohapo na uangalie nyingine.