Misikiti ya Kale ya Kua, Kisiwani Juani

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaeleza habari za mji wa Kua, ambao magofu yake yamo katika kisiwa cha Juani, jirani ya kisiwa kikubwa cha Mafia. Mtu atokaye Utende kwa mashua hupita karibu na Chole, na maji yakijaa hufika hata penye mikoko ya Juani. Hapo, kati ya mibuyu na vichaka, yamesimama mabaki ya jumba la ghorofa, makaburi, na misikiti kadhaa. Majengo mengi yaonekanayo ni ya karne ya 18.

Jumba tutaliacha, maana kila mgeni hulikimbilia kwanza. Twataka kuitazama misikiti, kwa kuwa ndimo mafundi walimotia ustadi wao.

Tuanze na mihirabu, yaani kile kijumba cha ukutani kionyeshacho kibla. Mafia na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Kwa hiyo mihirabu ya huku hutazama kaskazini hasa. Mtu aliyepotewa na njia magofuni siku ya mawingu aweza kuijua kaskazini kwa kuutazama ukuta huo tu.

Kuta zilijengwa kwa mawe magumu ya matumbawe yachimbwayo nchi kavu. Lakini kwa nakshi fundi wa pwani alitaka tumbawe la baharini, ambalo likitoka majini ni laini na hukatika vizuri, kisha hukauka likawa gumu. Chokaa nayo ilikuwa na kazi yake. Walipanga magogo kwa duara, wakaweka matumbawe juu, wakatia moto. Mawe yaliyoungua yakamwagiwa maji, yakawa unga mweupe, nao ukaachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Mwenye haraka hakuifaa kazi hii.

Wanafunzi huuliza kwa nini misikiti ya namna hii imejaa nguzo katikati, hata baadhi ya watu wasimwone imamu. Jawabu limo katika mikoko. Dari ilikuwa ya mawe na chokaa, nzito mno, nayo ililazwa juu ya boriti. Boriti ya mkoko ni imara, na mchwa haili upesi, lakini haiwezi kubeba mzigo huo juu ya pengo lipitalo kadiri ya futi 9 au 10. Basi vyumba vya nyumba vilikuwa virefu na vyembamba, na aliyetaka msikiti mpana hakuwa na budi kupanga nguzo safu kwa safu. Mti wa mkoko ndio uliompimia fundi jengo lake.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walikuja kwa vyombo vyao kutoka Madagaska, wakauteka mji na kuchukua watu mateka. Kua haikujengwa tena. Makao ya utawala yakawa Chole. Boriti zikaoza, dari zikaanguka, mvua ikapata njia ya kuingia ndani ya kuta.

Kisimani, mji mkongwe kuliko Kua, uliokuwa katika ncha ya magharibi ya Mafia, umepatwa na msiba mwingine: sehemu kubwa yake imeliwa na bahari. Hapo zimeokotwa sarafu za masultani wa Kilwa, na majina yao yangali yasomeka, lakini nyumba walimotumia fedha hizo zimekwenda na maji.

Adui wa Kua ni mizizi, na pia mkono wa mtu. Achukuaye jiwe lenye nakshi aweke msingi wa nyumba yake amepata jiwe moja, nasi sote tumepoteza habari ya ukuta lilikotoka. Wala asidhani mtu kwamba atauokoa ukuta kwa kuukata mti ulioukumbatia. Mizizi hiyo imekwisha yashika mawe. Mti ukifa, huoza, na baada ya miaka michache ukuta huanguka wenyewe. Kazi hiyo yataka fundi ajuaye kujaza chokaa kila mahali mzizi unapotolewa.