Kabati la dawa bafuni: Lipendeze, lakini lisifunguliwe na mtoto

UMEHAMA kutoka bedsita hadi nyumba ya chumba kimoja cha kulala, mtoto wenu ametimiza miaka miwili, na sasa unataka bafu lenye sura ya heshima. Umeona kwenye simu kabati jeupe lenye kioo mlangoni na vishikizo vya dhahabu. Umelipenda. Kabla hujatuma pesa, ngoja kwanza tuzungumze.

Kabati la dawa si pambo tu. Hebu fikiria kitakachokaa ndani yake: parasetamoli, dawa ya kikohozi yenye ladha ya matunda, vidonge vya madini ya chuma ambavyo mama alipewa kliniki akiwa mjamzito, na pengine dawa za presha za shosho akija kuwatembelea. Kwako hizo ni dawa. Kwa mtoto wa miaka miwili, ni peremende.

Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo vingi hupakwa rangi ya kuvutia, vinaweza kumuua mtoto mdogo. Baadhi ya dawa za presha na za kisukari ni hatari kwake hata akimeza kidonge kimoja au viwili. Parasetamoli nayo ina ujanja wake: mtoto aliyekunywa nyingi anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, anacheza na kula, kumbe ini linaumia polepole.

Kifuniko si kufuli

Pengine unasema, "Lakini chupa yetu ina kile kifuniko cha kubonyeza kisha kuzungusha." Ni kizuri, na kimeokoa wengi. Mwaka wa 1967, daktari wa watoto Henri Breault wa mji wa Windsor, Canada, alichoka kuwatibu watoto waliomeza dawa nyumbani, akasukuma kutengenezwa kwa kifuniko cha aina hiyo. Miaka mitatu baadaye, Marekani ilipitisha sheria ya vifungashio vinavyowazuia watoto.

Hata hivyo, kwa kiwango cha Marekani, kifungashio hupita mtihani ikiwa angalau watoto 80 kati ya 100 wameshindwa kukifungua kwa dakika 10. Yaani hata watoto 20 wakifaulu, kifungashio bado kimepita! Isitoshe, dawa nyingi tunazopewa dukani huja katika bahasha ndogo isiyo na kifuniko chochote. Kwa hivyo, kazi ya kumzuia mtoto inabaki kwa kabati, na kwako wewe.

Kufuli kwanza, rangi baadaye

Ukienda kununua, anza na mlango. Kabati linalofungwa kwa sumaku ya kawaida halifai kwa dawa, kwani mtoto akilivuta tu limefunguka. Tafuta lenye kufuli ndogo ya ufunguo au namba. Lile komeo la kufichwa, linalofunguliwa kwa kipande cha sumaku unachoshika mkononi, pia husaidia, na halionekani kwa nje. Ukichagua la ufunguo, usiuache ukining'inia mlangoni. Huo ni mwaliko.

Pili, angalia kioo. Muulize muuzaji kama ni kile kigumu ambacho kikivunjika hugeuka punje ndogo badala ya vipande vyenye makali. Pembe za mviringo ni bora kuliko za ncha.

Tatu, malighafi. Mbao za MDF huvimba zikipata maji. Chuma cha kawaida hushika kutu, na ukiwa Mombasa au Malindi hewa ya chumvi haitakusubiri. Alumini, plastiki nzito au chuma kisichoshika kutu vitadumu. Ukitaka mbao, mafundi wa Barabara ya Ngong jijini Nairobi watakutengenezea kwa vipimo vyako. Waambie tu ni la bafuni, ili walipake vanishi inayozuia maji kila upande, hata nyuma.

Nne, ukutani. Usilitundike juu ya choo, kwa sababu kifuniko cha choo ni ngazi. Ndoo iliyopinduliwa nayo ni ngazi. Weka kabati juu, nje ya ufikio wa mtoto, na fundi alikaze kwa skrubu na plagi zinazofaa ukuta wenyewe. Gundi pekee haitoshi. Na kama unapanga, ongea na landlord kabla ya kutoboa vigae vyake, usije ukakatwa deposit.

Je, dawa zikae bafuni kweli?

Hapa ndipo wengi hukosea. Bafu zetu nyingi ni ndogo, zenye shawa ya umeme na kidirisha kimoja. Watu wawili wakioga asubuhi, kioo chote kimejaa mvuke. Joto na unyevu huo huharibu dawa, hasa vidonge. Soma pakiti nyingi na utaona zimeandikwa zihifadhiwe pakavu, chini ya nyuzijoto 30.

Kwa hivyo, kama bafu lako halipitishi hewa vizuri, acha kabati lile la kupendeza libebe dawa ya meno, pamba na plasta. Wembe na dawa ya kusukutua mdomo viingie pia, lakini kufuli ibaki. Dawa zenyewe zitie katika sanduku lenye kufuli, juu ya kabati la nguo chumbani. Halitapata likes mtandaoni, lakini litafanya kazi.

Mgeni akifika, uliza kuhusu dawa mapema. Mkoba wa shosho ulioachwa kitandani hauna kufuli. Mwambie kwa heshima, "Shosho, nikuwekee dawa zako juu, huyu mtoto ni mtundu." Na usimdanganye mtoto kwamba dawa ni switi ili ainywe. Atakuja kuzitafuta mwenyewe.

Ikitokea amemeza, usimlazimishe kutapika, na usipoteze muda kumpa maziwa ukidhani yataua sumu. Mkimbize hospitalini hata kama anaonekana sawa, ukibeba pakiti au chupa yenyewe. Kwa parasetamoli, tiba hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema.

Leo jioni, kabla ya kulipia lile kabati, ingia bafuni upige magoti hadi kimo cha mtoto wako. Tazama unachoweza kushika, unachoweza kuvuta na unachoweza kupanda. Ukishajua hayo, chagua rangi unayotaka.