Ngitili Ina Thamani Gani?

Mkazi wa Usukumani hahitaji kufundishwa maana ya ngitili: eneo hufungwa mvua zinapoanza, likafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali ili mifugo ipate malisho. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni kipimo cha thamani yake kwa fedha.

Kipimo hicho kilipatikana kwa jirani zetu wa Shinyanga. Misitu ya huko ilifyekwa kwa wingi tangu enzi za ukoloni, kwanza kuangamiza mbung'o, baadaye kupanua mashamba ya pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, haukuleta utaratibu mgeni bali ulifufua ngitili. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la uhifadhi la IUCN, uliochapishwa mwaka 2005, ulijumlisha thamani ya kuni, malisho, dawa, asali na mazao mengine, ukabaini kuwa ngitili zilimpatia kila mtu takriban dola 14 za Marekani kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mwananchi wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50.

Anayetetea msitu mbele ya fedha ya haraka ya mkaa ana hoja hapo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga hifadhi yake ya msitu; sheria ndogo zikishajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, huwasilishwa Halmashauri ziidhinishwe. Mjadili pia mgawanyo: ngitili ya familia humnufaisha mwenye ardhi, na kaya isiyo nayo hutegemea ile ya kijiji.